Injini ya Nje au Injini ya Kupachika? Historia Fupi ya Jina

Injini ndogo ifungwayo kwenye tezi ya mashua imeingia katika maandishi yetu ikiwa na majina mawili. Wako waiitao injini ya nje, na wako waiitao injini ya kupachika. Mfasiri mwenye haraka hudhani kuwa kuchagua baina ya majina haya ni suala la ladha tu. Na tuichukue sentensi hii ya kubuni: 'Injini za nje za wavuvi zitasamehewa ushuru.' Karani wa forodha ataielewa kuwa yahusu injini zilizotoka ng'ambo, ziwe za mashua au za mtambo wa barafu wa kuhifadhia samaki. Mvuvi ataielewa kuwa yahusu ile aifungayo nyuma ya chombo chake. Sentensi ni moja, lakini sheria ni mbili, na atakayelipa gharama ya tofauti hiyo si mfasiri.

Utata huu una asili yake. Mwaka 1881 Gustave Trouvé alijaribu katika mto Seine, mjini Paris, mota ya umeme iliyofungwa juu ya usukani wa mashua, hata ukiung'oa usukani huing'oa na mota yake. Huko Marekani, Cameron Waterman wa Detroit alitengeneza injini ya petroli ya namna hiyo kuanzia mwaka 1905. Aliyeitia mikononi mwa watu wengi ni Ole Evinrude, fundi wa Milwaukee, aliyeanza kuuza injini yake mwaka 1909. Ilikuwa na nguvu farasi moja na nusu na uzito wa kilo 28 hivi, yaani mtu mmoja aliweza kuibeba begani hadi majini, akaifunga, na jioni akaifungua akarudi nayo nyumbani.

Waingereza na Wamarekani waliipa jina kutokana na mahali ikaapo: wanamaji wao walikwisha kuwa na neno la kitu kilicho nje ya ubavu wa meli, nao wakalitumia ili kuitofautisha na injini iliyojengewa ndani ya chombo. Wafaransa na Wajerumani walifuata njia hiyohiyo. Lakini Norwei, nchi alikozaliwa Evinrude mwaka 1877 kabla hajachukuliwa Marekani angali mtoto, huiita 'påhengsmotor', yaani injini ya kutundika. Hao hawakutazama mahali. Walitazama kitendo cha mkono.

Kiswahili nacho kimefika hapo bila ya kukopa kwa Wanorwei. Tunapachika mpini katika jembe, tunapachika mshale katika upote wa uta. Kila mara pana vitu viwili vilivyo kamili, na kimoja hushikizwa kwa kingine ili vifanye kazi pamoja. Ndiyo hali ya injini hii na mashua yake. Kwa hiyo sisi twaliunga mkono jina 'injini ya kupachika', na 'injini ya nje' tungependa iachiwe biashara ya ng'ambo.

Jina likishapatikana, kazi ya mfasiri haijaisha, kwa maana mnunuzi wa injini mpya hupewa kijitabu cha maelezo, na humo ndimo hatari ilimo. Jambo la kwanza ni urefu wa mguu wa injini. Mguu mfupi hutengenezwa kwa ubao wa tezi wenye kimo cha sentimita 38 hivi, na mrefu kwa ubao wa sentimita 51 hivi. Tunasema 'ubao wa tezi' kwa kuwa mashua ina tezi bapa. Mtumbwi uliochongoka pande zote mbili hauna ubao huo, na yafaa mfasiri aseme wazi kwamba hapo hutakiwa kiegemeo cha pembeni.

Juu kidogo ya rafadha pana kibao cha chuma kilicholala. Kibao hicho hutakiwa kuwa sawasawa na chini ya mashua, au kupishana nayo kwa sentimita mbili tatu tu. Injini ikikaa juu mno, rafadha huvuta hewa kutoka usoni mwa maji, injini ikalia kwa kasi na mashua isiende. Sasa angalia jina lake. Vijitabu vingi vya Kiingereza vimekiita kwa jina la jambo jingine kabisa, yaani mapovu ya mvuke yazukayo pale kani ya maji ishukapo sana nyuma ya rafadha inayozunguka mbio, kama yalivyoisumbua meli Turbinia ya Charles Parsons mwaka 1894. Kibao hakizuii mapovu hayo. Huzuia hewa ya juu. Anayetafsiri neno kwa neno atakuwa amelivusha kosa la wenyewe na kulipa uraia. Tunapendekeza 'kibao cha kuzuia hewa'.

Mashua yenyewe ikiwa ya alumini, pana neno jingine la kuhadhari. Boti za namna hiyo zilienea Marekani baada ya mwaka 1945, wakati kiwanda cha ndege cha Grumman kilipoanza kuunda mitumbwi kwa madini hayo. Kwetu kila kilicho chembamba na king'aacho huitwa bati, na tumekwisha kuona 'boti la bati' katika rasimu. Bati la paa ni chuma kilichopakwa zinki. Alumini ina tabia zake. Hata sufuria ya alumini iliyo jikoni imerithi jina lake kutoka neno la Kiarabu la shaba. Jikoni urithi huo haudhuru, lakini katika maji ya chumvi madini hayo mawili hayapatani: rangi yenye shaba, ipakwayo chini ya vyombo ili kuzuia chaza na mwani, huila alumini. Kijitabu kikisema 'rangi ya madini' bila ya kutaja shaba, mwenye mashua atatoboka sakafu.

Kwa sababu hiyohiyo injini huwekewa kipande cha zinki kiliwe badala ya mwili wake. Jina lake la kigeni lina maana ya kafara, nasi hatuna haja ya kulikimbia, kwani pwani yetu yajua kafara ya kutupwa baharini: 'zinki ya kafara'. Katika kijitabu iandikwe kwa herufi nzito kwamba kipande hicho kisipakwe rangi yoyote, na kwamba kibadilishwe kikiisha kuliwa nusu.