Kupima Kaboni Kazini: Msisahau Fundi wa AC
Ninapofundisha wafanyakazi wa hoteli hapa Mombasa kupima hewa chafu wanayotoa, wengi hutaja taa. Mimi huitisha risiti za dizeli. Lita moja ikiungua kwenye jenereta hutoa takriban kilo 2.7 za kaboni dioksidi. Zidisha kwa lita za mwezi. Umeme wa stima huchafua kidogo, kwani mwingi hutokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo. Kinachosahaulika ni AC, na joto la kaskazi mnalijua. Kilo moja ya gesi ya R-410A ikivuja ni sawa na kuchoma zaidi ya lita 700 za dizeli. Kwa hivyo fundi huketi mbele darasani: azibe panapovuja kabla ya kujaza, na aandike kilo alizotia.