Mto wa Kichwa na Mto wa Miguu



Kila nyumba ya pwani inayo khabari yake ya hospitali. Bibi amelazwa, anakuja muuguzi wa kiume kumsafisha, bibi anaivuta shuka mpaka kidevuni, na daftarini anaandikwa kuwa ni mkaidi. Au mzee amekataa dawa mchana wa Ramadhani. Hakuna aliyemuuliza sababu, wala aliyemkumbusha kwamba Qur'ani yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua (Sura ya 2, aya ya 184 na 185). Ameambiwa tu kwamba watu wa dini yake ni wagumu wa kufahamu.

Tukizisikia khabari hizi tunaghadhibika, na ni haki yetu kughadhibika. Lakini leo nataka nikuchukue mbali kidogo, mpaka visiwa vya kusini mwa Bahari ya Pasifiki, ambako watu wengine walighadhibika kama sisi, na ghadhabu yao ikazaa elimu inayosomeshwa sasa katika vyuo vya uuguzi vya nchi nyingi. Kisha nitakurudisha nyumbani kwako. Kwani mwenye kuisoma khabari hii akiwa amekaa upande wa aliyedhulumiwa tu, ameisoma nusu.

HEMA LA RUFAIDA

Tuanze Madina. Mwaka wa 5 wa Hijra (627), katika vita vya Handaki, Saad bin Muadh, mkuu wa kabila la Aus, alipigwa mshale mkononi. Mtume (s.a.w.) aliamrisha apelekwe katika hema lililokuwa msikitini, ili awe karibu naye na aweze kumzuru. Hema hilo lilikuwa la mwanamke wa kabila la Aslam, jina lake Rufaida. Wanahistoria wa Sira wanasema kwamba alikuwa akiwatibu majeruhi, na kwamba alijitolea nafsi yake kuwakhudumia wale wasiokuwa na mtu wa kuwaangalia.

Yashike maneno hayo ya mwisho, msomaji wangu. Saad alikuwa mtu mkubwa, na watu wake walikuwa wengi. Lakini hema halikuwekwa kwa ajili ya wakubwa. Liliwekwa kwa ajili ya yule ambaye akianguka hapana wa kumwinua. Huo ndio msingi wa uuguzi: kumwangalia mtu ambaye si wako kama kwamba ni wako.

Baadaye Waislamu walijenga hospitali kubwa. Ile ya Nuruddin ilijengwa Damascus mwaka 1154, na ile ya Sultani Qalawun ikajengwa Cairo mwaka 1284. Humo wenye homa walilazwa mbali na wenye maradhi ya macho, na wanawake walikuwa na upande wao na wakhudumu wao wanawake. Waliozijenga walikwisha kufahamu kwamba mgonjwa haingii hospitali na mwili peke yake. Huingia na haya yake, na dini yake, na desturi za kwao.

WAMAORI NA HOSPITALI ZA WAGENI

Sasa twende New Zealand. Wenyeji wa nchi ile ni Wamaori. Mwaka 1840 wakuu wao walitia saini mkataba na Waingereza mahali paitwapo Waitangi. Baada ya hapo walowezi walimiminika, ardhi ikawatoka wenyeji, na Wamaori wakawa wachache katika nchi yao. Mwaka 1907 ikapitishwa sheria ya kuwazuia waganga wao, na sheria hiyo haikufutwa mpaka mwaka 1962. Homa kubwa ya mwaka 1918 ilipofika huko, katika kila Wamaori 1,000 walikufa takriban 50, mara nyingi zaidi kuliko walivyokufa Wazungu wa nchi hiyohiyo.

Hospitali zilikuwepo, na nyingi zilikuwa nzuri. Basi kwa nini Mmaori alichelewa kwenda? Tazama mambo yaliyompata akifika.

Kwa Mmaori kichwa ni kitu kitukufu. Mto wa kichwa haukaliwi, wala hauwekwi chini ya miguu. Muuguzi wa Kizungu akauona mto uko wazi, akaupachika chini ya miguu iliyovimba, kisha akaurudisha kichwani. Kwake yeye mto ni mto. Meza ya chakula kwa Mmaori haikaliwi, wala haiwekwi juu yake kitu cha uchafu wa mwili. Muuguzi akaweka hapo chombo cha haja, akakiondoa, akaleta uji. Sisi tunaojua habari za tohara na najisi, sisi tusiokula kwa mkono wa kushoto, hatuhitaji kufasiriwa zaidi.

Mama akizaa, kondo la nyuma huzikwa katika ardhi ya ukoo. Katika lugha yao neno moja, whenua, lina maana ya ardhi na maana ya kondo. Miaka mingi hospitali zililichoma pamoja na takataka. Na wengi wetu pwani hapa tunalizika vilevile! Maiti nayo kwao haiachwi peke yake. Jamaa hukaa nayo mpaka inapozikwa. Hospitali ikawaambia saa za kuzuru wagonjwa zimekwisha, tokeni.

Hapana hata mmoja kati ya wauguzi wale aliyekusudia ubaya. Wengi walikuwa watu wema waliofanya kazi mpaka migongo ikawauma. Kosa lao lilikuwa kudhani kwamba desturi ya kwao ndiyo akili, na ya mwenziwe ndiyo ushirikina. Na mtu anayeaibishwa leo, kesho haji, au huja maradhi yamekwisha kukomaa. Hapo ndipo dharau inapoua, bila ya kisu wala sumu.

SWALI LA MWANAFUNZI

Mwaka 1988 wauguzi wa Kimaori, walimu wao na wanafunzi walikutana katika mji wa Christchurch. Yalizungumzwa mengi kuhusu usalama wa mgonjwa: usalama wa kisheria, usalama wa dawa na matibabu. Akasimama msichana, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, akauliza: na usalama wa utamaduni wetu jee?

Katika mkutano ule alikuwamo muuguzi na mwalimu wa Kimaori, Irihapeti Ramsden, aliyezaliwa mwaka 1946. Aliliokota swali lile akalifanya kazi ya maisha yake. Mwaka 1992 Baraza la Wauguzi la New Zealand likaamua kwamba jambo hilo lisomeshwe kwa kila anayetaka kuwa muuguzi au mkunga.

Usidhani ilikuwa rahisi. Mwaka 1993 magazeti yalipiga kelele kwamba wanafunzi wanasomeshwa siasa badala ya uuguzi, na mwaka 1995 kamati ya bunge ikalichunguza jambo lenyewe. Baraza likarekebisha mwongozo wake, wala halikuliacha somo. Likafafanua kwamba utamaduni si kabila tu. Umri ni utamaduni, na dini, na kazi ya mtu, na ulemavu wake, na kutoka kwake nchi nyingine. Ramsden aliendelea kuandika mpaka karibu na kufa kwake, mwaka 2003.

Alisomesha nini hasa? Mambo mawili. La kwanza, muuguzi aanze kujichungua yeye mwenyewe: nimelelewa vipi, nimesikia nini nyumbani juu ya watu hawa, na nina nguvu gani juu ya mtu huyu aliyelala mbele yangu, asiyeweza hata kujigeuza? La pili, anayejua kama uuguzi ulikuwa salama ni mgonjwa. Muuguzi hana haki ya kujitolea shahada kwamba amemheshimu mtu. Aulizwe yule aliyelala kitandani.

Msomaji wangu, hilo la kwanza sisi tunalo jina lake. Masheikh wetu wanaliita muhasaba, mtu kuihesabu nafsi yake. Ajabu ni kwamba tumelijua tangu chuoni, na wengine ndio waliolipeleka wodini.

ELIMU ILIYOGEUKA DHANA

Labda utasema: dawa yake ni nyepesi, wauguzi wasomeshwe mila za watu. Kweli, na lilikwisha kuanzwa. Muuguzi wa Kimarekani, Madeleine Leininger, katika miaka ya 1950 aliwauguza watoto wenye maradhi ya akili katika mji wa Cincinnati, akaona kwamba watoto wa malezi mbalimbali hawapozwi kwa njia moja. Akaenda kukaa na watu wa Gadsup huko New Guinea, akasoma elimu ya mila za wanadamu mpaka daraja ya udaktari, na mwaka 1974 akaasisi chama cha wauguzi wenye kuifuata elimu hiyo. Alifungua mlango mkubwa, Ramsden na wengine wakapita.

Lakini Ramsden aliona khatari. Orodha ya mila ni nyepesi kuhifadhiwa, na aliyeihifadhi hudhani amekwisha kumjua mtu. Mwaka 1998 madaktari wawili wa Marekani, Melanie Tervalon na Jann Murray-García, walisimulia kisa kimoja. Mwanamke mwenye asili ya nchi za Amerika ya Kilatini alikuwa ametoka kupasuliwa, akiugulia kwa maumivu. Daktari mwenye asili kama yake akapita, akamwambia muuguzi kwamba mama huyu anaumwa sana. Muuguzi akamjibu kwamba yeye alisomeshwa mila za watu chuoni, na anajua kuwa watu hao hulia kupita maumivu waliyo nayo.

Zingatia mambo mawili. Muuguzi yule hakuwa mjinga, bali elimu yake ndiyo iliyomziba masikio. Na tena hakuwa Mzungu. Alikuwa Mmarekani mweusi, mtu wa kaumu ambayo yenyewe imedhulumiwa hospitalini. Mwaka 2016 watafiti wa chuo kikuu cha Virginia waliwauliza wanafunzi wa udaktari na madaktari vijana wa Kizungu 222, wakakuta kwamba nusu yao waliamini walau uwongo mmoja juu ya miili ya watu weusi, kama vile kwamba ngozi zao ni nene zaidi. Waliouamini uwongo huo walimkadiria mtu mweusi maumivu madogo zaidi, na ushauri wao wa matibabu ukapotoka. Basi aliyeonewa kwa dhana naye anaweza kumwonea mwengine kwa dhana. Kudhulumiwa hakumsafishi mtu.

NA SISI JEE?

Nimekuahidi kukurudisha nyumbani. Niruhusu nianze na nyumba yangu, maana si uungwana kuwasema watu nikajisitiri mimi.

Zamani kidogo tulikuwa tukimuuguza ndugu yetu hospitalini. Jamaa tulikuwa wengi, na chakula kikija kwa zamu, mkate wa kumimina, uji wa mtama, supu. Kitanda cha pili alilala mzee kutoka bara, hana mgeni hata mmoja. Maneno yake yalikuwa mazito, hayaeleweki, na mate yakimtoka upande mmoja. Sisi tulitazamana tukaelewana bila ya kusema: mlevi huyo. Siku mbili tulikula mbele yake. Siku ya tatu muuguzi, binti mdogo, akamwinua taratibu, akamnywesha maji kwa kijiko, akatuambia kwa sauti ya chini: "Mzee wangu huyu ana kiharusi. Amekuwa akiwaombeni maji."

Siku mbili, msomaji wangu! Mzee aliomba maji, na sisi tulisikia ulevi.

Tangu siku ile kila nikiisoma Sura ya 49, aya ya 12, inayotuamrisha tujiepushe na dhana nyingi, namkumbuka mzee yule. Na nikiisoma Sura ya 80, ambayo kwa tafsiri iliyo mashuhuri kwetu ilishuka kwa ajili ya kipofu, Abdullah bin Ummi Maktum, aliyegeuziwa uso, naona kwamba kukunja uso mbele ya mnyonge si jambo dogo, hata kama mnyonge mwenyewe hakuona.

Basi jiulize. Mtumishi wa nyumbani mwako akishikwa na homa, unamwamini mara ya kwanza au unasema anakwepa kazi? Mama wa kabila jingine akilia kwa uchungu wa kuzaa tunasema hana haya, na akinyamaza tunasema watu hao hawaumwi. Lini tulimuuliza? Binti yako aliyesomea uuguzi, ambaye unajivunia kumwona na hijabu yake akienda kazini, umemfundisha kumuuliza mgonjwa asiye wa dini yake amezoea nini, anaona haya kwa lipi, anataka nani awe karibu naye? Au umemfundisha kuidai heshima yake tu?

Tudai haki zetu hospitalini. Bibi astiriwe, aliyefunga aelezwe kwa upole, maiti yetu ikoshwe na watu wake. Lakini tudai kwa ulimi wa mtu anayempa mwenziwe kile anachokitaka. Mto wa Mmaori, shuka ya bibi yetu, kijiko cha maji cha mzee wa bara, vyote ni jambo moja. Mgonjwa anasema, na aliye mzima amekwisha kuamua nini atasikia.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na wagonjwa wa wenzetu, awalipe kheri wenye kuwauguza, na sisi atuondolee dhana kabla hajatuonyesha matunda yake. Amin.