Tiyo ya wakati wa Elisabethville na dushi ya kambo

Bandugu, dushi kwa kambo ilikuwa inadondosha mayi kama machozi. Mjomba alikuwa tayari kuchukua feza ya minervale ya mdogo wetu anunue pompe. Nikamuomba siku mbili.

Nyumba yenyewe ni ya wakati Lubumbashi ilikuwa ingali Elisabethville. Kuanzia 1952, Office des Cités Africaines ilijenga maelfu ya nyumba katika miji mikubwa ya Kongo, na miaka ile tiyo za nyumba zilikuwa mara nyingi za chuma chenye kupakwa zinki. Zinki ikiisha, chuma kinashika kutu, na kutu inavimba kwa ndani. Kwa inje tiyo inaonekana nzima kabisa!

Nilifungua kwanza robine ya lupango: mayi ikatoka na nguvu. Basi kosa lilikuwa ndani ya nyumba. Kichwa cha dushi nikakisafisha na siki, bure. Tukakata tiyo inayoenda dushini: tundu lilibaki kama kalamu.

Hapo nikamukumbuka Poiseuille, munganga Mfaransa tuliyemusoma kwenye somo la umwagiliaji. Miaka ya 1840 alionyesha kwamba, mayi ikitembea polepole, tundu likipungua nusu, kinachopita ni sehemu 1 tu kwa 16. Yeye alikuwa anatafuta mambo ya damu, si ya kuoga. Pompe ingesukuma kutu tu, pengine ipasue tiyo.

Tuliweka metre 6 za plastiki. Minervale ililipwa. Mjomba angali anasema pompe ingefaa.