Siku 134, siku 115

Richard Burton na John Speke walitoka pwani Juni 1857 na kuingia Kazeh, Tabora ya leo, Novemba 7, siku ya 134 ya safari. Speke aliporudi na James Grant, walitoka Bagamoyo Oktoba 1860 na kufika baada ya siku 115. Henry Morton Stanley alitoka Bagamoyo Machi 1871. Juni alikuwa Unyanyembe. Kwa hesabu hii Stanley ndiye bingwa.

Tunaujua mchezo huu. Mashabiki wa Simba na Yanga huwapima washambuliaji kwa idadi ya mabao, bila kuuliza nani alipiga penalti ngapi, wala nani alikuwa akiwapa pasi.

Sasa sogeza mstari wa mwisho hadi Ujiji. Burton na Speke walifika huko Februari 1858, miezi minane hivi tangu waondoke pwani. Stanley alifika Novemba 1871. Naye alitumia miezi minane hivi. Ubingwa umeyeyuka, na hakuna tarakimu iliyoghushiwa. Tumebadilisha tu mahali pa kusimamisha saa.

Kilichomchelewesha Stanley ni Mirambo. Mwaka 1871 mtemi huyo alikuwa vitani na Waarabu wa Unyanyembe, na njia ya moja kwa moja kwenda Ujiji ilifungwa. Stanley aliingia vitani upande wa Waarabu, wakashindwa, na mwishowe akazunguka kusini. Zile siku 115 nazo zina njaa ya Ugogo ndani yake, pamoja na wapagazi waliotoroka. Tunadhani tunapima miguu ya Wazungu, kumbe tunapima mvua, vita na bei ya chakula njiani.

Chagua kipimo kingine: nani alirudi hai? Burton na Speke walirudi wote wawili Uingereza. Wazungu wawili walioajiriwa na Stanley, Farquhar na Shaw, walifia njiani. Hapa Burton anashinda.

Lakini kuna jina moja linalovuruga kila jedwali: Sidi Mubarak Bombay. Alizaliwa Uyaoni, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India, kisha akarudi Zanzibar akiwa huru. Alikuwa katika misafara yote mitatu. Alianza kama mbeba bunduki wa Speke. Kufikia 1871 alikuwa kiongozi wa askari wa Stanley. Mtu huyohuyo yumo katika siku 134, katika siku 115 na katika miezi mitatu ya Stanley, na hakuna safu inayohesabu kazi yake.

Nyuma yake walikuwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi, yaani zaidi ya kilo 30. Baba zao walikwenda pwani na pembe za ndovu miongo mingi kabla Burton hajaiona Kazeh. Walijua visima viko wapi, hongo inalipwa kwa nani, na lini warudi kulima.

Siku 134 ni sahihi. Kosa ni kuziandika kwa jina la Burton peke yake, kana kwamba msafara ulikuwa na miguu miwili tu.