Nani Aliufanya Mlima Morungole Uwe Mbali?

Katika likizo ya Desemba, sisi wanafunzi sita wa historia katika chuo kikuu kimoja hapa Uganda tunapanga kwenda Mlima Morungole. Mlima huu uko kaskazini-mashariki kabisa mwa nchi, karibu na pale Uganda inapokutana na Sudan Kusini na Kenya. Huko, na katika milima inayofuatana kuelekea mpaka wa Kenya, wanaishi Waik. Ni watu wachache wanaolima mtama, wanaofuga nyuki na wanaosema lugha yao wenyewe, Icetod, ambayo haifanani kabisa na lugha za wafugaji wanaowazunguka.

Tulipokaa kupanga safari, tuliandika orodha ya mambo manne: ruhusa, njia, kitabu cha kusoma na usalama. Wenzangu walinipa kazi ya kutafuta historia ya mahali penyewe. Katika insha hii nitaonyesha kwamba kila jambo katika orodha yetu lina historia yake, na kwamba historia hizo zote zinaelekea kwenye jibu moja. Morungole hauko mbali kwa sababu ya urefu wa barabara peke yake. Kuna watu walioufanya uwe mbali, na mgeni asiyejua hivyo atakwenda na kurudi bila kuona kitu.

Kwanza, tuanze na ruhusa. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, Karamoja haikuwa mahali palipofungwa. Misafara ya wafanyabiashara ilifika huko kutafuta pembe za ndovu. Walikuwamo Waswahili kutoka pwani, Waarabu na Wahabeshi. Mwindaji Mskoti, W. D. M. Bell, aliua ndovu wengi sana huko hata Wazungu wenzake wakampa jina la "Karamojo". Pembe zilibadilishwa kwa mali, kisha kwa bunduki. Mwaka 1911 serikali ya kikoloni iliwaondoa wafanyabiashara na kuleta askari wa King's African Rifles, jeshi ambalo Kiswahili kilikuwa lugha yake ya kazi. Baadaye Karamoja ikawa wilaya iliyofungwa: mgeni hakuruhusiwa kuingia bila kibali cha serikali, na hali hiyo ikaendelea hadi miaka ya uhuru. Kwa hiyo, wakati Waganda, Wasoga na sisi Wateso tulipokuwa tunajengewa reli, shule na viwanda vya kuchambulia pamba, watu wa kule waliwekwa nje ya uzio. Halafu tukaambiwa kwamba wamebaki nyuma.

Pili, njia. Tunaweza kupitia Gulu na Kitgum, au tunaweza kupitia Soroti, Moroto, Kotido na Kaabong. Safari nyingi za wageni hufika kwanza katika Hifadhi ya Taifa ya Bonde la Kidepo, na mtu hupanda mlima kwa miguu kutoka upande huo akiongozana na askari wa wanyamapori. Njia hiyo ni nzuri, lakini tuulize hifadhi yenyewe ilitoka wapi. Bonde la Kidepo lilitangazwa kuwa pori la akiba mwaka 1958 na hifadhi ya taifa mwaka 1962, mwaka uleule tuliopata uhuru. Waik, ambao pamoja na kulima waliwinda na kuchuma matunda katika bonde hilo, walizuiwa kuingia. Kilichokuwa chakula jana kikawa kosa la jinai leo. Mlimani mvua haiaminiki, na mwaka ambao mtama umekauka, bonde ndilo lililokuwa ghala lao. Mtalii akisimama leo pale Apoka, anaona nyati na twiga chini na mlima wa buluu juu. Anafikiri Waik wamechagua kukaa kule juu kwa sababu wanapenda upweke. Lakini hakuna aliyewauliza wanapenda nini.

Tatu, kitabu. Hapa ndipo kundi letu lilipogawanyika. Kitabu kinachojulikana zaidi kuhusu Waik kiliandikwa na mwanaanthropolojia Mwingereza, Colin Turnbull, ambaye zamani aliandika kwa upendo mkubwa juu ya Wambuti wa msitu wa Ituri, Kongo. Aliishi kati ya Waik katikati ya miaka ya 1960, wakati wa ukame na njaa. Kitabu chake kilitoka mwaka 1972. Ndani yake alisema kwamba Waik wamepoteza utu: wazee huachwa wafe, watoto wadogo hufukuzwa nyumbani wajitafutie, na hakuna ampendaye mwenzake. Alifika mahali pa kupendekeza kwamba serikali iwatawanye watu hao katika vikundi vidogovidogo mbali na kwao, ili utamaduni wao ufe. Kitabu kilisomwa duniani kote. Mwaka 1975 Peter Brook alikitolea mchezo wa kuigiza jijini Paris. Mahali pengi ambapo watu hawakuwahi kusikia jina la Kaabong, jina la Waik likawa mfano wa binadamu asiye na moyo.

Mwenzetu mmoja alikisoma, akasema twende na kamera "tukawaone watu wasiopendana." Wawili wakamuunga mkono. Mimi nilikataa, na sababu zangu ni hizi. Mwaka 1974 mwanaanthropolojia Fredrik Barth alimshutumu Turnbull waziwazi kwamba hakuwatendea haki watu aliowaandika. Mwaka 1985 Bernd Heine, mtaalamu wa lugha aliyefika kwa Waik baada yake, alionyesha kwamba Turnbull hakuijua vizuri lugha yao, na kwamba baadhi ya watu aliowategemea kwa habari hawakuwa Waik bali Wadiding'a. Mwaka 2020 Cathryn Townsend na wenzake walichapisha utafiti waliofanya huko, wakaona kwamba Waik hugawana kama watu wa jamii nyingine duniani. Kwa maneno mengine, Turnbull aliona njaa akaiita desturi. Hata katika nyumba zetu, mtu akija siku ambayo chungu hakina kitu, asitangaze kwamba sisi ni wachoyo kwa asili.

Nne, usalama. Hili si jambo la vitabu kwangu. Mama yangu alizaliwa karibu na Soroti. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wavamizi wenye bunduki kutoka Karamoja walichukua ng'ombe wa Teso, zizi baada ya zizi. Babu alibaki na kamba tu. Nilipomweleza mama kuhusu safari, alinyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, huko hawaendi watu wenye mama zao." Siwezi kumjibu kwa takwimu. Mahari ya wajomba zangu, plau ya kulimia na karo za shule, vyote vilitembea kwa miguu minne, navyo vikaondoka usiku mmoja.

Hata hivyo, nilipozidi kusoma niliona kwamba hofu ya mama imewaweka wote katika gunia moja. Bunduki zilienea baada ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, pale ghala la silaha la kambi ya Moroto lilipovunjwa. Baadaye wafugaji walivamiana wao kwa wao na kutuvamia sisi. Waik hawana ng'ombe wa kusifia. Wako katikati: upande huu Wadodoth, upande ule Waturkana wa Kenya, na njia za wavamizi zinapita katika milima yao. Wadodoth wakiibiwa, huwashuku Waik kwamba waliwaonyesha Waturkana njia. Waturkana wakiibiwa, lawama ni ileile. Wamechomewa nyumba na kuibiwa mtama kwa ajili ya ng'ombe wasiokuwa wao. Mama na bibi wa Morungole waliumizwa na bunduki zilezile, ila hawajawahi kukutana.

Kuna jambo moja linalotuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili zaidi ya wengine. Jeshi lilipoanza tena kukusanya silaha Karamoja mwaka 2021, operesheni ilipewa jina la Kiswahili: Usalama kwa Wote. Jina ni zuri. Lakini tangu siku za King's African Rifles, watu wengi wa kaskazini wamekisikia Kiswahili kwanza kinywani mwa askari. Tukifika kijijini na kusalimu kwa Kiswahili chetu sanifu, watamsikia nani? Kwa bahati nzuri, Ateso, lugha ya mama yangu, ni ndugu wa karibu wa lugha ya Wadodoth, ambayo Waik wengi huijua. Nimeamua kwamba salamu ya kwanza nitaitoa kwa lugha hiyo, na Kiswahili kitafuata baadaye, kikiwa lugha ya mgeni aliyekaribishwa.

Baada ya majadiliano marefu, kundi letu limekubaliana mambo yafuatayo. Tutapitia Soroti, si Gulu, ili mama awaone wenzangu na wenzangu wasikie habari za ng'ombe kutoka kwake mwenyewe. Hatutapanda mlima kabla ya kutuma habari kwa wazee na kupata jibu, na kama jibu ni hapana, tutaishia Kaabong. Kamera zitabaki mfukoni mpaka tuambiwe vinginevyo. Tutakaa siku kadhaa, kwa kuwa mtu wa saa mbili huona nguo na nyumba tu. Na yule mwenzetu wa kamera atakuja pia, kwa sababu yeye ndiye mwenye haja zaidi ya kufika.

Kwa kumalizia, Waik wa leo si watu wa kusubiri kuelezwa na wengine. Mwaka 2016 Hillary Lokwang alichaguliwa kuwa Mwik wa kwanza katika Bunge la Uganda. Wanasema wenyewe, na wanajibu wenyewe. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni waliotutangulia Morungole walikuja na bunduki, na sheria ya hifadhi, na daftari lililokwisha kuamua, na mwenyeji hakupona. Sisi wanafunzi sita hatuwezi kuwaponya. Tunachoweza ni kufika kwa miguu, kuuliza kabla ya kuandika, na kurudi Soroti kumweleza mama ni akina nani tuliokula nao mtama.