City Water: Mabadiliko Yaliyoanzia Kwenye Mkataba

Tunapokutana kwenye shughuli zetu huku ughaibuni na mazungumzo yakageukia nyumbani, hakosekani mtu wa kusema kwamba mashirika yetu yangepona lau yangekabidhiwa wageni wayaendeshe. Mwingine humjibu papo hapo kwamba wageni ndio walioyaua. Sisi wa fani ya uhandisi tunapenda kuingia katika ubishi huo na mfano mmoja uliokwisha kufanyika, nao ni ule wa maji ya Dar es Salaam kati ya mwaka 2003 na 2005.

Tuanze na bomba lenyewe. Jiji linategemea zaidi mto Ruvu. Mtambo wa Ruvu Juu ulijengwa mwaka 1959, na maji yake hufika kwenye matangi ya Kimara. Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, ulijengwa mwaka 1976, na maji yake hupanda hadi matangi ya Chuo Kikuu. Njiani mabomba hayo yanapita kwenye makazi yaliyoota bila ramani, na watu wakajiunganishia kinyemela. Ikawa sehemu kubwa ya maji yaliyosukumwa kutoka Ruvu halipii mtu: mengine yalivujia ardhini, mengine yalikwenda kwa watu wasiokuwamo kwenye daftari la wateja. Mwenye uwezo alichimba kisima na kununua tangi. Asiye nacho alinunua dumu kwa mwenye mkokoteni na, ukipiga hesabu ya lita kwa lita, alilipa zaidi ya mwenye bomba Oysterbay. Wengi wetu tuliotuma hela za kujenga tunajua kwamba mara nyingi kisima kilitangulia msingi wa nyumba.

Huo ndio mzigo iliorithi DAWASA, mamlaka iliyoundwa mwaka 1997 kwa kuunganisha maji safi na maji taka ya jiji. Hakuna aliyebisha kwamba mabadiliko yalihitajika. Ila uamuzi wa kumkabidhi mwendeshaji binafsi haukutoka Dar es Salaam peke yake, maana ulikuwa miongoni mwa masharti ya mpango wa msamaha wa madeni. Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya zikaahidi mikopo ya zaidi ya dola milioni 140. Zabuni ikatangazwa, na mwishowe aliyewasilisha bei ni mmoja tu: Biwater ya Uingereza pamoja na Gauff ya Ujerumani. Wakaungana na kampuni ya Kitanzania, Superdoll, wakaunda City Water. Mkataba wa miaka 10 ulitiwa saini Februari 2003, kazi ikaanza tarehe 1 Agosti mwaka huo. Wenzetu wa Uingereza huenda wanakumbuka kwamba fedha za misaada za nchi hiyo zililipia hata wimbo wa kuusifia ubinafsishaji. Tunajiuliza fedha hizo zingetosha kuhesabu mita ngapi mitaani.

Maana hapo ndipo palipokuwa na ugonjwa. Mapato ya City Water yalitegemea idadi ya wateja na kiasi cha maji kilichouzwa, na daftari la wateja halikuaminika. Hesabu za zabuni zilisimama juu ya daftari hilo. Isitoshe, kukarabati mabomba ni kazi ya miaka, lakini ankara hubadilika siku ya kwanza. Mwananchi aliuona mgeni kwenye ankara kabla ya kumwona kwenye bomba, na mtu wa namna hiyo halipi kwa furaha. Makusanyo hayakukaribia yale yaliyotarajiwa, na City Water ikashindwa kuwasilisha fedha zilizokuwa haki ya DAWASA kama mwenye mali. Kampuni ikaomba masharti yabadilishwe, mazungumzo yakavunjika.

Tarehe 13 Mei 2005, mwaka wa uchaguzi, Waziri wa Maji Edward Lowassa alitangaza hadharani kwamba mkataba umevunjwa. Tarehe 1 Juni mameneja watatu wa Kiingereza walikamatwa na kusafirishwa nje ya nchi, na ofisi zikachukuliwa na shirika jipya la umma, DAWASCO. Mjini watu wengi walishangilia, na hatuwalaumu.

Kesi zilikuja baadaye. Mwanzoni mwa mwaka 2008 wasuluhishi waliamua kwamba City Water ailipe DAWASA takriban pauni milioni 3. Julai mwaka huo baraza jingine, lililokaa chini ya kituo cha Benki ya Dunia cha migogoro ya uwekezaji, lilitoa uamuzi ambao wengi huusoma nusu nusu. Lilisema zabuni ya kampuni ilipangwa vibaya na uendeshaji ulikuwa dhaifu. Likasema pia kwamba Serikali ilikiuka mkataba wake na Uingereza wa kulinda uwekezaji, kwa lile tangazo la waziri, kwa kutwaa ofisi na kwa kuwafukuza wale mameneja. Fidia haikutolewa hata senti, kwa kuwa kampuni ilikwisha kupoteza thamani yake kabla ya siku ile.

Kwa maoni yetu, uamuzi huo unamnyima ushindi kila upande wa ubishi wetu. Serikali ilikuwa na sababu ya kutosha kuuvunja mkataba kwa utaratibu wake wenyewe, ikangoja siku chache tu. Na mgeni hakushindwa kwa sababu ni mgeni. Alikubali kuongoza mtandao ambao hakuna aliyekuwa ameuhesabu, naye DAWASCO alirithi mabomba yale yale na daftari lile lile.

Mabomba yalikuja kupata fedha miaka iliyofuata. Ruvu Chini ilipanuliwa kutoka mita za ujazo 182,000 kwa siku hadi 270,000 kwa msaada wa Marekani, na Ruvu Juu kutoka 82,000 hadi 196,000 kwa mkopo wa India. Mwaka 2018 DAWASCO ikaunganishwa na mwenye mali, na jina likarudi kuwa DAWASA.