Gredi B

Ukitaja mgomo wa Dagenham, wengi hukumbuka akina mama waliodai mshahara sawa na wanaume. Ni kweli, lakini hiyo ni nusu ya hadithi. Mimi hurudia nusu ya pili, maana ndiyo inayotugusa hadi leo.

Mwaka wa 1967, kiwanda cha Ford huko Dagenham, mashariki mwa London, kilipanga kazi zake upya kwa gredi. Wanawake walioshona vitambaa vya viti vya magari wakawekwa Gredi B, yaani kazi isiyo na ujuzi. Isitoshe, walilipwa asilimia 85 ya mshahara wa mwanamume wa gredi hiyo hiyo. Na kumbuka, waliajiriwa baada ya kupimwa kwenye cherehani. Mlangoni unapimwa ujuzi, ukiingia ndani unaambiwa huna!

Tarehe 7 Juni 1968, wanawake 187 wakagoma. Walichotaka ni Gredi C. Gari bila viti haliuzwi, basi kiwanda kikakwama. Wiki tatu baadaye waziri Barbara Castle akawaita ofisini, wakanywa chai, wakaafikiana: asilimia 92. Mwaka wa 1970 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya malipo sawa, iliyoanza kutumika mwishoni mwa 1975.

Ni ushindi, sikatai. Lakini Gredi C je? Pale mezani dai la ujuzi liligeuzwa kuwa hesabu ya asilimia, na asilimia ni rahisi kugawana. Gredi C waliipata 1984, baada ya mgomo mwingine wa wiki sita. Mtoto aliyezaliwa wakati wa mgomo wa kwanza alikuwa ashafika umri wa kushona mwenyewe.

Hapa Kenya, kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri alipe sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Sawa, ila thamani ya mpishi, mlezi au fundi wa nguo inapimwa na nani?

Kwa hivyo chama chako kikitoka kujadiliana na mwajiri, usiulize tu mmeongezwa ngapi. Omba uone jedwali la gredi. Kisha uliza ni nani walioliandika, na kama kati yao kulikuwa na hata mmoja anayeifanya kazi hiyo.